Vikombe Juu ya Birika

Shangazi yangu hukata kucha tisa na kuacha mmoja, wa gumba la mkono wa kulia. Wasiomjua hudhani ni urembo ulioachwa njiani. Ni kifaa cha kazi. Kwa miaka kumi na minne ameutumia ukucha huo kukwaruza gundi, na akisalimiana na mtu hulikunja gumba kando kidogo ili asimparuze.

Karakanani anaitwa Mama Gundi. Aliingia pale kama mfagiaji, elimu yake ikiwa imeishia darasa la saba, siku ambazo kiwanda kizima kilikuwa banda moja la mabati na mhandisi mmoja mwenye wazo la kuunda ndege ndogo ya viti viwili, ya kufundishia marubani. Mhandisi huyo tunamwita Milimita, kwa sababu hata ukimwomba asogee kidogo atakuuliza asogee ngapi. Ndiye aliyegundua kwamba mfagiaji wake haangushi vitu, hafanyi haraka, na husoma maandishi madogo yaliyo ubavuni mwa mikebe. Akampa kazi ya kupima na kuchanganya gundi. Baada ya miaka kumi na miwili akampa kalamu nyekundu.

Ndege yetu haikuundwa kwa bati. Iliundwa kwa vitambaa vya nyuzi za kioo vilivyoloweshwa gundi na kukaushwa ndani ya kalibu zenye umbo la kila kipande. Nusu ya juu ya bawa hutengenezwa peke yake na nusu ya chini peke yake, katikati huwekwa boriti ndefu, kisha vyote hufungwa pamoja kwa gundi. Bawa likishafungwa, hakuna anayeona tena ndani. Kwa hiyo kila hatua ina mtu mmoja wa kusema kwamba kazi iko sawa, na akisema husaini kwa wino mwekundu. Wenye kalamu hizo walikuwa wanne, watatu wana shahada. Shangazi aliibeba yake kwenye mfuko wa kifuani, na nyumbani aliiweka juu ya kabati, mahali ambapo mtoto asingefika. Hatukuwa na mtoto nyumbani. Tulikuwa watu wazima watatu: yeye, mimi, na baba mdogo.

Baba mdogo ndiye rubani wa majaribio. Shangazi amempita kwa miaka kumi na sita, na mama yao alipofariki ni yeye aliyembeba mgongoni, akamfundisha kusoma, akamchapa, akampeleka shule. Mpaka leo humwuliza kama amekula, hata akimwona anatafuna. Naye baba mdogo humtania kila asubuhi kwamba anapanda hewani akiwa amekalia mate ya dada yake, maana ndege yote ni gundi. Shangazi hujibu kwamba kama ni mate basi yasingetosha kubeba tumbo lile.

Mimi nilikuwa naandika kitabu cha maelekezo cha ndege hiyo, kazi inayonifaa kwa kuwa haihitaji kuongea na watu wengi.

Sasa, kuhusu vikombe. Kila gundi inapochanganywa, kiasi kidogo humiminwa kwenye kikombe cha karatasi chenye namba. Kikombe hicho lazima kilale palepale ilipolala kazi, kipate baridi ileile na joto lilelile. Asubuhi inayofuata shangazi hukikwaruza. Ukucha ukiteleza, gundi imekauka, anasaini. Ukizama, kazi inasimama.

Bawa la kushoto la ndege ya kwanza lilifungwa katikati ya msimu wa baridi. Gundi ile haipendi baridi. Ikikosa joto inabaki laini, na ikishabaki hivyo hakuna wa kuibembeleza. Kwa hiyo bawa likafunikwa turubai kama hema, na ndani yake zikapangwa hita nne kufuata urefu wake. Kuvifikia vikombe kulitaka mtu atambae mita sita kwa magoti. Goti la kushoto la shangazi lilikuwa limevimba. Siku ya kwanza alitambaa. Jioni yake akavikusanya vikombe vyote kwenye sinia, akavipanga kwenye rafu ya chumba cha gundi, ili asubuhi avikwaruze akiwa amesimama. Rafu ile iko juu ya birika la umeme la chai, ambalo mlinzi hulichemsha usiku kucha. Alifanya hivyo siku nne. Kila asubuhi vikombe vilikuwa vigumu kama jiwe, akasaini mara nne, goti likapona, akasahau.

Ndege ilipomalizika iliruka vizuri. Ilipaa, ikapinda, ikatua, ikazimwa injini angani na kuwashwa tena. Lilibaki jaribio moja ambalo hakuna aliyelitaja kwa utani. Mwanafunzi akikosea, akipunguza mwendo kupita kiasi huku akipinda, bawa moja hupoteza upepo na kudidimia, na ndege huanza kuanguka ikizunguka kama jani. Ndege ya kujifunzia lazima iingie katika kuzunguka huko na itoke kirahisi, vinginevyo haifai kupewa mwanafunzi. Milimita alikuwa ameuchora mkia upya mara mbili kwa ajili ya jambo hilo. Mkia wa kwanza ulikaa mahali ambapo bawa liliuzibia upepo, na vindege vya mfano alivyovidondosha kutoka mnarani vilizunguka mpaka chini. Akaupandisha, akaupanua, akavidondosha tena, vikatoka. Lakini hakuna mtu aliyekaa ndani ya kindege cha mfano.

Siku moja kabla ya jaribio, wakati wa chai ya saa kumi, fundi umeme aliingia chumba cha gundi ameshika hita mguuni, kama mtu aliyebeba kuku aliyekufa.

“Poleni na msiba,” alisema. “Namba nne hatunaye.”

Aliieleza habari yake kwa raha zote. Alikuwa anazikagua hita kwa ajili ya ndege ya pili. Taa ya hii ilikuwa inawaka vizuri, lakini alipoifungua alikuta waya wa joto umeungua kitambo; vumbi limejaa juu ya palipoungua na buibui ameshahamia na familia. Akasema mtu angeweza kuota taa ile mwaka mzima akidhani anapata joto. Watu wakacheka. Mmoja akauliza ilitumika lini mara ya mwisho. Fundi akafikiri, akasema ni kwenye bawa la kushoto, mwisho kabisa, upande wa ncha. Baada ya hapo ilirudishwa stoo.

Shangazi alikuwa anamimina chai. Nilimwona anatazama birika, kisha anainua macho polepole mpaka kwenye rafu. Chai ikajaa kikombe, ikamwagika mezani, ikaanza kudondoka sakafuni. Mtu akamwambia, “Mama Gundi, kikombe hakina hatia.” Akaweka birika chini, akafuta meza. Aliifuta hata palipokuwa pakavu.

Hakusema kitu mpaka nyumbani, tukiwa wawili jikoni. Ndipo aliponieleza habari ya goti, ya sinia na ya rafu, kwa sauti ndogo, akikata vitunguu bila kuvitazama. Nikamwambia amwambie baba mdogo saa hiyohiyo. Akasema labda hita iliungua baadaye, kule stoo. Labda ilifanya kazi siku zote nne.

“Nikisema, watalipasua bawa,” alisema. “Miezi ya kazi ya watu. Halafu walikute zima. Watasema tulijua, mfagiaji ni mfagiaji.”

“Na wasipolikuta zima?”

Alinipa kisu nimalizie vitunguu, akaenda kukaa.

Mezani baba mdogo alikula kwa watu wawili. Shangazi alimtazama mikono. Mwishowe akamwuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, ndege ikizunguka vile bawa linaumia wapi zaidi. Baba mdogo alifurahi, maana dada yake huwa hataki kusikia mambo hayo. Akachukua kijiko kikawa ndege. Alieleza kwamba kuzunguka kwenyewe si kitu. Ukishasimamisha mzunguko, ndege inakuwa imeelekeza pua chini na inakwenda kasi, na lazima uivute irudi juu.

“Hapo kwenye kuvuta, dada, ndipo bawa linapobeba mzigo wote. Linapinda mpaka ukilitazama unatamani kushuka.”

Akakipinda kijiko kidogo kutuonyesha. Shangazi akamwambia aache kuharibu vyombo. Hakusema lingine. Nami sikusema, na jambo hilo bado linaniuma, kwamba nilikuwa na mdomo na nikautumia kula.

Asubuhi alinigongea kabla sijaamka. Tulifika karakanani saa kumi na mbili na nusu, mlinzi akatufungulia akidhani ni kwa ajili ya siku kubwa. Ndege ilikuwa katikati ya banda, nyeupe, imeshapanguswa. Chini ya bawa la kushoto, karibu na ncha, kuna tundu la ukaguzi lenye upana wa kisahani cha chai, limefunikwa kwa kifuniko cha skrubu sita. Mkono wa mwanamume hukwama pale kabla ya bega. Wa shangazi huingia mpaka begani.

Alilala chali juu ya kipande cha boksi, mimi nikashika tochi. Skrubu ya tatu ilimponyoka ikaviringika chini ya gurudumu, naye hakuitazama, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana shangazi haangushi vitu. Alifungua kifuniko, akaingiza mkono. Wakati wa kufunga bawa, gundi inayozidi hufurika kando ya boriti na kukauka kama ufito mwembamba. Huo ndio aliokuwa anautafuta.

Nilisikia ukucha. Krr. “Ngumu,” alisema. Akasogeza mkono kuelekea nchani. Krr. “Ngumu.” Niliweza kuhesabu pumzi zake. Akajivuta zaidi, shavu likagusa tumbo la bawa, bega likaingia tunduni. Krr. Safari hii hakusema, alisogeza tu. Kisha sikusikia chochote.

“Shangazi?”

Alikuwa ametulia, macho wazi, mkono ukiwa ndani. Nikadhani amekwama. Akavuta mkono taratibu, akauleta kwenye mwanga wa tochi. Chini ya ukucha wa gumba kulikuwa na kitu cha manjano, kama kipande cha sabuni.

Kutoka pale mpaka chumba cha mkutano ni hatua themanini au tisini. Alitembea ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, ameuinua mbele kama anayebeba yai. Kabla hatujaondoka alikuwa amefunga kitambaa chekundu cha tahadhari kwenye usukani, kwa mkono mmoja, kwa meno, akakataa nimsaidie. Nje ya mlango wa kioo akasimama. Ndani walikuwa Milimita, baba mdogo aliyeshavaa mwavuli wake wa kurukia mgongoni, na mkaguzi wa usafiri wa anga aliyetumwa kushuhudia jaribio, mtu mpole mwenye faili nene. Shangazi hajawahi kuingia chumba kile bila kuitwa. Nilimwona anatazama kiatu chake, gauni lake la kazi lililoshika vumbi, kisha ukucha wake. Nilifikiri atageuka. Akasukuma mlango kwa kiwiko.

“Ndege isiruke,” alisema.

Baba mdogo alicheka, akamwambia mkaguzi kwamba huyu ni dada yake na ndivyo alivyo, hata baiskeli alimkataza mpaka akafikisha miaka kumi na tano. Akamwambia shangazi, kwa upole, akapumzike. Milimita hakucheka. Aliuliza kuna nini. Shangazi akasema bawa la kushoto halikukauka upande wa ncha. Milimita akafungua faili, akamwonyesha kurasa nne, na chini ya kila ukurasa saini nyekundu.

“Vikombe vyote vilikuwa vigumu, Mama Gundi. Umeandika mwenyewe.”

“Vikombe vilikaa juu ya birika.”

  Shangazi alieleza yote akiwa amesimama wima kama mwanafunzi: goti, sinia, rafu, hita namba nne. Hakuongeza samahani wala hakulia. Milimita alimwuliza siku ngapi, akajibu nne. Kutoka ncha kuja ndani kiasi gani, akajibu hajui, ila ukucha umeanza kuzama mkono wake ulipofika mwisho. Kisha akaunyosha ule mkono juu ya meza.

Milimita alikitoa kile kitu cha manjano kwa ncha ya penseli, akakiweka kwenye karatasi. Akakibonyeza kwa kidole. Akakiviringisha, na kikaviringika, kikawa kidonge kama cha nta. Gundi iliyokauka huvunjika, haifinyangiki. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mkaguzi alifunga faili lake. Baba mdogo alikitazama kile kidonge muda mrefu, halafu akaanza kufungua mikanda ya mwavuli wake, mmoja baada ya mwingine, na ule wa mwisho ulimshinda. Shangazi ndiye aliyemfungulia.

Bawa lilipopasuliwa, sehemu ya mwisho, mita moja na robo, ilifunguka kwa bapa la kupakia gundi, bila nyundo. Baba mdogo aliomba alifungue yeye. Alilimenya ganda la juu kutoka kwenye boriti kwa mikono yake, kama anayemenya ndizi, akaenda kukaa ndani ya ndege isiyo na bawa, akafunga kioo, na watu wakamwacha.

Milimita alimwomba shangazi kalamu mbele ya mkaguzi. Aliitoa. Kwenye mfuko wa kifuani palibaki alama nyekundu isiyotoka kwa kufua. Hakufukuzwa, bawa jipya alilitengeneza yeye na wenzake, akatambaa kwenda kwenye vikombe kila asubuhi, lakini aliyesaini alikuwa mhandisi mwenye shahada, ambaye kusema kweli alisimama nje ya turubai akimwuliza, “Ngumu?” naye akijibu, “Ngumu.” Nyumbani shangazi aliacha utani. Baba mdogo alipomwambia kuhusu mate, alitoka mezani. Nilimkuta mara kadhaa chumbani anakwaruza ukingo wa kitanda kwa ukucha, bila kujua kwamba anafanya hivyo.

Siku ya jaribio ilipokaribia tena, karatasi zote zikiwa tayari, baba mdogo alizisoma na kuzirudisha. Akasema hapandi.

“Nataka saini ya dada.”

Milimita alimkumbusha kwamba sheria imeshatimizwa. Baba mdogo akasema sheria haina dada. Wakaitana wote chumba cha gundi, na Milimita akatoa kalamu mfukoni, imefungwa kwenye karatasi aliyoandika siku themanini na tatu tangu aichukue, maana alikuwa amezihesabu. Shangazi alirudi nyuma mpaka akagusa rafu.

“Mimi sisaini,” alisema. “Naogopa.”

“Wale waliosaini hawaogopi,” baba mdogo alijibu. “Ndiyo maana nimekuja kwako.”

Hakusaini siku ile. Alifungua matundu yote ya mabawa yote mawili, akaingiza mkono, akakwaruza, kutwa nzima, na kesho yake akaanza upya kana kwamba ya jana yalifanywa na mtu mwingine. Siku ya tatu saa nne asubuhi akasaini, herufi zikipanda na kushuka, akaondoka bila kumwangalia mtu.

Ndege iliporuka hakutoka nje. Bawa la ndege ya pili lilikuwa ndani ya hema lake la turubai, na vikombe vyake tisa vilikuwa humo. Akaingia chini, kwa magoti. Fundi umeme alikuwa ameleta spika ili sauti ya redio isikike bandani, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kuchekesha. Mimi nilikaa sakafuni pembeni ya turubai. Nilisikia injini ikififia juu kabisa, kisha sauti ya baba mdogo, kavu, isiyo yake: “Naingia.”

Akahesabu. Moja. Mbili. Kwenye kitabu nilikuwa nimeandika: punguza injini, kanyaga pedali ya upande wa pili, sukuma usukani mbele, subiri. Tatu. Niliandika subiri bila kujua ni neno refu kiasi gani. Nne. Tano. Chini ya turubai ukucha ulikuwa umenyamaza. Sita. Baada ya hapo redio ilitoa mvumo tu, na mvumo ukaendelea, na fundi umeme akashika spika kwa mikono miwili kama anayeshika mabega ya mtu.

“Imetoka,” ilisema redio. Pumzi nzito. “Navuta.” Mvumo tena, mrefu zaidi ya ule wa kwanza. “Bawa limepinda, limerudi. Nipo sawa. Mwambieni dada nimeshakula.”

Nje watu walipiga makofi. Niliinua pindo la turubai nimwambie, ingawa alikuwa amesikia. Alikuwa amepiga magoti katikati ya bawa, paji la uso limegusa sakafu, kikombe kimoja mkononi. Alikaa hivyo kidogo. Kisha akajifuta uso kwa mkono wa gauni, akaniuliza namba iliyoandikwa kwenye kikombe kinachofuata, maana vilikuwa vimebaki vitatu na hakuona vizuri.

Nikamsomea. Akakwaruza.